Ndugu wawili, kitabu kimoja: katuni ipi uwape?

Mkubwa wangu ana miaka 10, mdogo ana 6. Wanalala kitanda kimoja na kila usiku wanagombania upande wa ukutani. Kitabu kikiingia ndani, nacho wanakigombania vilevile. Kikiwa cha maneno matupu, mkubwa anajigeuza mwalimu, anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na baada ya dakika tano mdogo keshatoka nje kucheza gololi. Kikiwa cha picha za watoto wadogo sana, mkubwa anakisukuma pembeni: "Hicho cha chekechea." Kwa karibu miaka miwili nimekuwa natafuta kitabu ambacho wote wawili watakilalia kifudifudi mkekani, vichwa vimegusana, asiwepo wa kumburuza mwenzake.

Nilichokipata ni katuni. Sizungumzii zile za mashujaa wanaoruka angani, hizo wanaziona za kutosha kwenye televisheni ya jirani. Nazungumzia katuni za watoto wa kawaida wa mtaani: mama anawatuma, mwalimu hacheki, jirani ana mwembe wake anaoulinda, na nyumbani yupo ndugu wa kugombana naye asubuhi na kupatana naye jioni.

Nina duka la steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Natoa kopi, naprinti, nauza madaftari na kalamu. Wazazi wakiziona kurasa nilizowachapia wanangu zimening'inia nyuma ya kaunta, huuliza ni za nani na wao wachukue zipi. Nimejibu mara nyingi kwa harakaharaka huku mteja mwingine anasubiri kopi za kitambulisho. Leo nijibu kwa nafasi.

Naweka nne mezani. Swali langu kubwa kwa kila moja si umaarufu wala bei. Ni hili: yule mdogo, ambaye bado anasoma kwa kuunganisha silabi, atafanya nini kitabu kikishafunguliwa?

Zenyewe ni hizi

Hans na Fritz ni ndugu wa tumbo moja. Aliyewachora ni Rudolph Dirks, Mjerumani aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto. Walitoka mara ya kwanza kwenye gazeti la New York tarehe 12 Desemba 1897, Dirks mwenyewe akiwa na miaka 20. Kwa Kiingereza katuni hiyo inaitwa *The Katzenjammer Kids*. Kuna Mama, kuna Nahodha anayeishi nao, na kuna Mkaguzi, mzee wa ndevu ndefu ambaye kazi yake ni kuwasaka watoto watoro wa shule. Ndugu hao kazi yao ni moja tu, kuwaharibia siku wazee hao wawili.

Quick na Flupke si ndugu wa damu, ila ni marafiki wa mtaa mmoja na ni nadra kumwona mmoja bila mwenzake. Ni wa Hergé, Mbelgiji yuleyule aliyechora katuni ya Tintin, na katuni yao ilianza tarehe 23 Januari 1930 katika jarida la watoto lililotoka Brussels kila Alhamisi. Quick huvaa bereti nyeusi na sweta nyekundu, Flupke huvaa koti la kijani. Jina Flupke, kwa lugha ya mitaa ya Brussels, ni kama kusema Filipo mdogo. Anayewaandama ni polisi wa mtaa anayejulikana kwa namba yake, 15. Kisa kimoja ni kurasa mbili, basi.

Akissi ni wa Abidjan, Ivory Coast, mtaa wa Yopougon. Aliyeandika ni Marguerite Abouet, aliyezaliwa Abidjan mwaka 1971 na kuhamia Ufaransa akiwa na miaka 12; mchoraji ni Mathieu Sapin. Kitabu cha kwanza kilitoka Ufaransa mwaka 2010. Najua utaniambia Akissi ni mtoto wa kike na wewe una wa kiume wawili. Subiri kidogo. Ana kaka, anaitwa Fofana, na huyo kaka hataki kabisa mdogo wake amfuate kila anapokwenda na marafiki zake. Kama una watoto wawili nyumbani, unakijua kilio hicho.

Ya nne ni *Vater und Sohn*, mimi naiita Baba na Mwana. Ni ya Mjerumani Erich Ohser, na ilitoka katika jarida moja la Berlin kuanzia Desemba 1934 hadi Desemba 1937. Baba ni mnene, ana upara na masharubu mazito. Mwana ana nywele zilizosimama kama majani ya nanasi. Juu ya kila kisa kuna kichwa cha habari, na ndani ya picha ni nadra kukuta neno.

Mtu wa rika langu ataniuliza: na za kwetu je? Gazeti la katuni la Sani nimelisoma, tena kwa wizi. Baba alikuwa akilinunua stesheni treni ya Dar es Salaam ikiingia, analificha juu ya kabati, nasi tunapanda kiti. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, na yule mtundu Madenge, hao ndio walionifanya nisome upesi kuliko wenzangu darasani. Lakini lilikuwa gazeti la watu wazima, lenye visa vya ulevi na mapenzi humohumo. Ukipata nakala za zamani, chambua ukurasa kwa ukurasa kabla hujampa mtoto wa miaka 6. Sitaki kuliweka kwenye mzani huu kwa sababu halikuandikiwa watoto.

Lugha

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama, na hapa ndipo Hans na Fritz wanapoanza kupoteza. Kiingereza chao kimevunjwa makusudi kifuate matamshi ya Mjerumani aliyejifunza ukubwani. Mwenye Kiingereza chake atacheka. Mtoto wa darasa la nne ambaye ndiyo kwanza anajifunza maneno ataharibikiwa, maana kila neno limeandikwa tofauti na alivyofundishwa. Nilijaribu kuwatafsiria papo kwa papo nikashindwa. Nusu ya mzaha umo katika matamshi, ukiuhamisha unabaki na watu wanaopigana tu.

Quick na Flupke nilivipata kwa Kifaransa. Kigoma Kifaransa si kitu kigeni sana. Watu wanavuka ziwa kila wiki kwenda na kurudi, na jirani yangu wa ukuta mmoja amekulia Uvira. Yeye ndiye aliyetusomea jioni tatu mfululizo, anasoma sentensi kwa Kifaransa kisha anaigeuza Kiswahili cha Kongo, na wanangu wanacheka mara mbili: kwa kisa na kwa Kiswahili chake. Kama huna jirani wa namna hiyo, habari njema ni kwamba maneno ni machache na picha zinajieleza vya kutosha. Katika kurasa mbili, mtoto anaona shari linapoanza, linapokua na linapomrudia mwenyewe.

Akissi ipo kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Maneno ni mengi kuliko ya Quick, lakini ni maneno ya nyumbani: njoo, toka hapa, nitamwambia mama. Mkubwa wangu anasoma cha Kiingereza akiwa na kamusi ya shule pembeni, na kwa mara ya kwanza nimemwona akifungua kamusi bila kutumwa.

Baba na Mwana haidai lugha yoyote. Mtoto wa Kigoma na mtoto wa Berlin wanaanza mstari mmoja.

Mtoto wa miaka 6 anapofungua mdomo

Nisimulie jioni moja, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Umeme ulikuwa umekatika, nimewasha taa ya sola, na mkekani nimewawekea kurasa nne za Baba na Mwana nilizozichapa mchana. Kisa cha juu kilikuwa cha insha. Mwana hawezi kuandika insha aliyopewa shuleni, baba anakuja kumsaidia, mwalimu anakuta insha ni mbovu, na mwisho wa yote anayechapwa ni baba. Mkubwa, kwa mazoea yake, akavuta karatasi karibu na kukohoa kama mtu anayetaka kuanza kusoma. Akatafuta maneno. Hayapo. Akageuza karatasi nyuma. Hayapo.

Kimya hicho kilichukua labda pumzi tatu. Kisha mdogo akaweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza na kuanza: "Huyu mtoto hajui. Anamwita baba yake. Baba naye hajui lakini anajifanya anajua." Akasogeza kidole. "Mwalimu kakasirika." Alipofika kisanduku cha mwisho akanyanyuka kabisa, akapiga kofi paja lake mwenyewe: "Kachapwa baba! Mama, kachapwa baba!"

Mkubwa akamwambia anza upya. Hajawahi kumwambia mdogo wake hivyo. Siku zote yeye ndiye msimulizi na mwenzake ni msikilizaji. Jioni ile walibadilishana, na kwa karatasi zile bado wanabadilishana hadi leo. Wanapishana hata katika maana. Mmoja anasema baba alijua insha ni mbaya, mwingine anasema hakujua, nao wanaenda na kurudi kwenye picha kutafuta ushahidi.

Kwa Akissi mambo ni mengine, nayo ni mazuri kwa njia yake. Mkubwa anasoma, mdogo anasikiliza, lakini mdogo ana mtu wake ndani ya kitabu. Akissi ndiye mdogo anayefukuzwa, anayeambiwa hawezi, anayeachwa nyumbani. Ukurasa ambao Fofana anamtimua, wangu mdogo humtazama kaka yake usoni, hasemi kitu. Mkubwa naye huharakisha kugeuza ukurasa. Nadhani kitabu hicho kimesema kati yao jambo ambalo mimi nimelisema mara mia bila kusikika. Na kuhusu Akissi kuwa wa kike, hakuna aliyewahi kuuliza. Kwao ni mtundu mwenzao.

Quick na Flupke ni wa rika moja. Hakuna mkubwa wala mdogo kati yao, hakuna anayeachwa. Kwa hiyo nyumbani kwangu mkubwa akajitwalia kuwa Quick, mdogo akaambiwa awe Flupke akitaka asitake. Kwa watoto waliopishana mwaka mmoja, au mapacha, tatizo hilo halipo. Kulwa na Doto wangekifurahia sana.

Hans na Fritz ni kundi la wawili dhidi ya dunia. Mdogo anacheka mtu akianguka, ila hana cha kusimulia zaidi ya "kaanguka."

Mtaa wao na mtaa wetu

Kisa cha kwanza kabisa katika kitabu cha Akissi: mama yake anampa samaki ampelekee jirani. Paka wa mtaa wanamwona, wanaanza kumfuata. Hebu niambie ni mtoto gani wa Kigoma asiyeijua safari hiyo. Hapa kwetu samaki ni migebuka, wamefungwa kwa kamba midomoni, umewabeba mbali na nguo ili usinuke, na kuanzia kwenye kona ya kwanza paka wanakuhesabia hatua. Nilipofungua ukurasa ule wanangu hawakuhitaji kuelezwa chochote. Mkubwa alitaja hadi njia ambayo Akissi angepita kama angekuwa Mwanga: "Angepita nyuma ya msikiti, paka hawakai kule."

Kuna pia tumbili wake, Boubou, ambaye nusura aishie kikaangoni. Watoto waliozoea kusikia habari za sokwe wa Gombe, walio pwani hiihii ya ziwa kaskazini mwa mji, waliuliza maswali mengi hapo: je, tumbili anafugwa, na nani anamla? Mazungumzo hayo yalituchukua hadi usingizi.

Brussels ya mwaka 1930 iko mbali zaidi, lakini ina kitu kimoja kinachoileta karibu: mtelemko na magurudumu. Quick na Flupke wana kigari cha mbao walichokiunda wenyewe. Anayeijua Kigoma anajua mji huu umejengwa juu ya vilima vinavyoshuka ziwani, na watoto wetu hawawezi kuona mtelemko wakauacha. Wanaokota beringi chakavu gereji, wanazipigilia kwenye ubao, mmoja anakaa mbele na kuongoza kwa miguu, mwingine anasukuma na kurukia nyuma. Mlio wake unausikia kabla hujaviona. Mwaka jana wangu walishuka hivyo kutoka juu huko Mwanga kuelekea upande wa stesheni, mkubwa akapoteza ngozi ya goti na mdogo akapoteza kandambili moja ambayo hadi leo haijaonekana. Walipokiona kile kigari ndani ya kitabu walinyamaza kwanza, wakaangaliana, ndipo wakacheka.

Berlin ya Baba na Mwana haina mtaa wa kutajika. Kuna chumba, bustani, ufukwe, darasa. Ukosefu huo ndio unaoirahisisha, maana mtoto anaujaza kwa mtaa wake.

Jambo ambalo lazima uliangalie mwenyewe kabla

Katuni za kale kutoka Ulaya na Marekani zina ugonjwa mmoja, nao ni jinsi zinavyomchora mtu mweusi. Hans na Fritz, kadiri miaka ilivyokwenda, walihamishiwa kisiwa cha nchi za joto, na wenyeji wa huko wamechorwa midomo minene na macho ya bumbuwazi, wapo kwa ajili ya kuchekwa tu. Sikuweka kurasa hizo mkekani kwangu na sitaziweka. Ukizitaka kwa historia ya uchoraji, zisome wewe mtu mzima.

Hergé naye hakusalimika. Mwaka uleule aliowaanza Quick na Flupke, 1930, alianza pia safari ya Tintin kwenda Kongo, na Wakongo amewachora kwa dharau ambayo hata yeye baadaye alikiri ilitokana na fikra za Ulaya ya wakati ule. Jirani yangu wa Uvira alipoona jina la mchoraji juu ya jalada aliniuliza kwanza, "Ni kile cha Kongo?" Nilipomwambia siyo, akakipokea, akakipekua chote akiwa amesimama mlangoni, kisha ndipo akaketi kuwasomea watoto. Nakushauri ufanye kama yeye. Vipo vitabu zaidi ya kumi vya Quick na Flupke. Pekua kila kimoja.

Kwa Akissi hofu hiyo haipo. Imeandikwa na mtu anayekumbuka uani kwao. Kina mama wamevaa kama sisi, watoto wanacheza vumbini bila kuhurumiwa na msomaji, na anayefanya ujinga anafanya ujinga wake mwenyewe, si wa rangi yake.

Fimbo

Katuni hizi za zamani zote zina viboko ndani yake, maana zilitoka zama za viboko. Tofauti ni kazi ya kiboko. Kwa Hans na Fritz karibu kila kisa kinaishia kwa Mama kuwachapa, na wiki inayofuata wanarudia. Watoto wanajifunza kwamba kipigo ni nauli tu ya utundu, lipa uendelee. Kuna babu wa katuni hizi, kisa cha *Max und Moritz* cha Wilhelm Busch cha mwaka 1865, ambacho ndicho kilichowazaa Hans na Fritz. Humo watundu wawili wanaishia kusagwa kwenye kinu na kuliwa na mabata. Mtoto wa miaka 6 hahitaji picha hiyo kabla ya kulala.

Kwa Quick na Flupke adhabu mara nyingi ni matokeo. Umecheza na maji, umelowa. Umeiba njia ya mkato, umeangukia polisi. Akissi huponzwa na akili yake ya haraka, na mama yake akifoka anafoka kama mama wa hapa.

Baba na Mwana ndiyo inayonigusa zaidi. Baba yule hukasirika, humfukuza mwanawe na fimbo, naye hukosea, hujuta, na mara nyingi anapatana na mwana kwa kufanya naye utundu mkubwa zaidi. Aliyewachora aliishi wakati mgumu. Alikuwa amewachora Wanazi kwa kejeli kabla hawajashika madaraka, na waliposhika wakamzuia kufanya kazi kwa jina lake. Ndiyo maana katuni hizi zimesainiwa *e.o.plauen*: herufi za jina lake na mji aliokulia, Plauen. Mwaka 1944 alikamatwa kwa maneno aliyoyasema dhidi ya utawala wa Hitler, akafa mahabusu kabla ya kesi kusikilizwa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Nikijua hivyo, kila nikimwona yule baba mnene amemshika mwanawe mkono wakienda zao, siwezi kupita ukurasa upesi.

Wino, karatasi na fedha

Hapa nazungumza kama mwenye mashine.

Baba na Mwana imechorwa kwa mistari myeusi juu ya weupe. Haina rangi, haina vivuli vya kijivu, kwa hiyo hata printa ya kawaida ya ofisini inaitoa safi, na hata kopi ya kopi bado inasomeka. Mwenyewe amefariki zaidi ya miaka 80 iliyopita na kazi yake haina tena mwenye kudai hakimiliki, kwa hiyo unaweza kuichapa bila kumwibia mtu. Dukani kwangu ukurasa mweusi ni shilingi 200. Kurasa 12 ni 2,400, nazibana pini mbili ubavuni, mtoto ana kitabu.

Akissi na Quick na Flupke ni vitabu vya rangi na vina wenyewe. Hergé alifariki 1983, warithi wapo. Abouet na Sapin wako hai na wanafanya kazi. Wazazi wawili wamewahi kuniletea Akissi wakitaka niwatolee kopi kitabu kizima, nikakataa, na sababu sikuificha. Kwanza ni haki ya mwandishi, na huyu mama alianzisha pia chama cha kupeleka maktaba za watoto mitaani huko Afrika. Pili, hata ukiiba utapata hasara: kwenye kopi nyeusi vumbi jekundu la Yopougon linageuka tope la kijivu, paka hutofautishi na ukuta. Agiza chenyewe. Kigoma vitabu vya namna hii havikai kwenye rafu vikikusubiri. Mimi changu nilimwagiza ndugu aliyekuwa akija kutoka Dar es Salaam, kikachukua wiki kadhaa, na nilifurahi nilisubiri. Chenye jalada gumu kinafaa zaidi, maana msimu wa mvua hapa karatasi hunyonya unyevu wa ziwa na jalada laini hujikunja kama chapati.

Kama una uwezo wa kununua kimoja tu na watoto wako wamepishana miaka mitatu au zaidi, nunua Akissi, hata kama ni wa kiume watupu. Wakikaribiana umri na wote wanasoma, na ukawa na mtu wa Kifaransa karibu, Quick na Flupke hutajuta. Hans na Fritz waache. Kwa wa kwangu, kama ningelazimika kubaki na kimoja, ningebaki na zile karatasi 12 za pini mbili, ingawa Akissi ndicho kitabu ninachokiona kizuri zaidi kwa uandishi na rangi. Nachagua kwa sababu ya kidole cha yule wa miaka 6.

Ukianza na Baba na Mwana, chagua kwanza visa vyenye visanduku vinne hadi sita, vile virefu viweke nyuma. Ukate kile kichwa cha habari cha Kijerumani kwa mkasi, au ukifunike kwa karatasi wakati wa kutoa kopi, halafu waachie nafasi juu watie jina lao wenyewe. Ile ya insha, kwetu, imeandikwa kwa penseli, herufi za kuinuka na kushuka: BABA KAFELI.